Pipa Linafika, Kura Haifiki

Siku ya kwanza kazini nilimwambia Mzee, dereva wa foklifti, natoka Tanga. Akazima foklifti, akaniangalia kuanzia buti hadi kofia, akauliza, "Tonga?" Tanga, Mzee. Akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo mimi ndiye Mtonga wa Afrika katika ghala letu huku kusini mwa Auckland, na mengi ninayoyajua kuhusu nchi yake nimeyapata kwake, nusu wakati wa chai na nusu kwenye mkeka wa kava, kinywaji chao cha mizizi.

Wasomaji wa nyumbani wasichanganye. Siwazungumzii Watonga wa bonde la Zambezi. Hii ni Tonga ya Bahari ya Pasifiki, ufalme wa visiwa zaidi ya 170, vingi vikiwa havina hata kibanda, na wakazi wake wote kwa jumla ni laki moja hivi. Laki moja, yaani mji wa Tanga peke yake unawazidi. Sasa sikiliza upande wa pili: sensa ya New Zealand ya mwaka 2023 iliwahesabu Watonga zaidi ya 97,000 katika nchi hii peke yake. Ongeza wa Sydney, wa California, wa Salt Lake City walikofuata kanisa la Wamormoni, na utaona kwamba waliotoka wamewapita waliobaki kwa mbali. Ni taifa ambalo sehemu kubwa yake iko ng'ambo.

Ijumaa usiku wanaume hukusanyika kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Mikeka inatandikwa, bakuli kubwa la mti lenye miguu linawekwa mbele, na msichana aliyepewa heshima ya kuhudumia, wanamwita tou'a, anachota kava kwa kifuu cha nazi. Unapiga makofi, unapokea, unamaliza kwa mkupuo mmoja. Rangi yake ni ya maji ya mtaroni, na ladha yake, wenyewe wanisamehe, haiko mbali na rangi. Lakini hailewi mtu kama bia. Inatia midomo ganzi na kulegeza magoti, ila akili inabaki palepale. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Hili ni baraza, tofauti ni kwamba kahawa imegeuka mizizi iliyopondwa. Nyimbo zinaanza, za mapenzi na za maua, na ikifika kama saa sita usiku nyimbo zinapungua, siasa inaingia.

Nakumbuka usiku mmoja wa mwaka 2024. Mfalme Tupou VI alikuwa ametangaza kwamba hana tena imani na waziri mkuu wa wakati huo, Siaosi Sovaleni, katika wizara ya ulinzi, wala na waziri wa mambo ya nje. Ukumbi ukagawanyika. Kijana mmoja aliyezaliwa hapahapa Auckland, Kitonga chake kikiyumba kidogo, aliuliza: kama Bunge ndilo linalochagua waziri mkuu, mfalme anaondoaje imani ambayo hakuitoa yeye? Wazee wakanuna. Kitonga kina maneno ya kumsemea mfalme, mengine ya makabaila, na mengine yetu sisi akina yakhe, na kijana alikuwa ameyachanganya yote. Ndipo mtu aliyekuja kumtembelea dada yake, akitokea Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, akasema bila kunyanyua sauti: "Ninyi mnabishana sana. Kura hamna."

Pakawa kimya. Msichana wa kava akachota tena, hakuna aliyepiga makofi haraka.

Neno hilo limenikaa, maana lilikuwa la kweli. Mtonga aliyeko nje anaweza kuwa raia kamili, tangu 2007 anaruhusiwa hata kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini siku ya uchaguzi lazima awe amekanyaga kisiwa mwenyewe. Hakuna kituo cha kura Auckland wala Sydney. Na mimi sikuwa na la kujisifia, kwa sababu Mtanzania aliye nje naye hapigi. Wakenya walau wana kura yao ya rais katika baadhi ya balozi, ingawa mwaka 2022 hata wao walioko huku hawakuwekewa kituo. Mzee aliponiuliza nikamwambia hivyohivyo. Akanigusa bega: "Toko," yaani ndugu, "basi kweli wewe Mtonga."

Sasa maoni yangu, na najua mimi ni mgeni mkekani.

Bunge la Tonga lina viti 26 vya kuchaguliwa. Viti 17 ni vya wananchi, 9 ni vya makabaila. Natumia neno hilo kwa sababu ndilo tulilonalo tangu Azimio la Arusha, ingawa kwetu lina harufu ya tusi, na kwao ni cheo cha heshima. Vyeo vya ukabaila viko 33, na wenye vyeo hivyo, wasiojaza hata mabasi mawili ya Coaster, ndio wanaochaguana wenyewe kwa wenyewe kujaza viti hivyo 9. Hapo hesabu ndipo inapouma. Mwaka 2010, katika uchaguzi wa kwanza baada ya mageuzi ya siasa yaliyowapa wananchi viti vingi bungeni, chama cha 'Akilisi Pohiva kilipata viti 12 kati ya 17 vya wananchi. Popote pengine huo ni ushindi. Uwaziri mkuu ukaenda kwa kabaila, Lord Tu'ivakano, kwa kura 14 dhidi ya 12. Pohiva, mwalimu aliyefukuzwa kazi katika miaka ya 1980 kwa ajili ya kipindi cha redio, na kufungwa mwaka 1996 kwa kosa la kulidharau Bunge, ilibidi asubiri mpaka mwisho wa 2014.

Hivyo viti 17 vya wananchi vimegawanywa kwa visiwa: Tongatapu 10, Vava'u 3, Ha'apai 2, 'Eua 1, na visiwa vya Niua kule kaskazini kabisa 1. Niua ina watu elfu moja na ushee. Wana mbunge wao, na wanastahili, maana meli huko hufika ikipenda. Lakini Watonga wa Auckland, ambao kwa wingi wao wangejaza uwanja wa mpira, hawana hata nusu mbunge. Mimi ningewahesabu walioko nje kama kundi la sita la visiwa. Wapewe viti viwili, ama vitatu. Visizidi hapo.

Kwa nini visizidi? Kwa sababu yule mgeni wa Nuku'alofa alikuwa na hoja, na wengi wa huku hawataki kuisikia. Tarehe 16 Novemba 2006, Bunge likielekea kufunga mwaka bila kuamua lolote la maana kuhusu mageuzi, umati ulitoka kwenye uwanja wa Pangai Si'i na katikati ya Nuku'alofa ikawaka moto. Watu walikufa, maduka yakageuka majivu, askari wa Australia na New Zealand wakaja, na hali ya hatari ikaendelea mpaka 2011. Mji ukajengwa upya kwa mkopo wa China ambao deni lake linawakaba hadi leo. Miezi na miaka kabla ya hapo, maneno makali kuliko yote yalitoka nje. Gazeti la Taimi 'o Tonga lilichapwa Auckland kisha kupelekwa kwa ndege, mpaka serikali ikalipiga marufuku. Wakati wa mgomo wa watumishi wa umma mwaka 2005 Watonga wa hapa waliandamana mpaka nje ya nyumba ya mfalme iliyoko Auckland. Sisemi walikosea. Nasema moto ulipowaka, aliyekosa pa kununua mkate asubuhi yake hakuwa mtu wa Auckland. Anayepika ng'ambo haunguzwi na jiko la nyumbani.

Na kuna jambo jingine ambalo vijana wa huku hawalitaji. Mtu akihama, hubeba nchi ya mwaka alioondoka. Mzee wangu aliondoka Tonga kijana, zama za Tupou IV, na Tonga anayoitetea mkekani ni ile ya zamani, ya Jumapili tulivu na kofia mkononi mbele ya kabaila. Mpwa wake aliyeko kijijini ana lugha kali zaidi dhidi ya wakubwa kuliko yeye. Kwa hiyo anayedhani kura za nje zitaleta mapinduzi huenda akashangaa sanduku likifunguliwa.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba wasihesabiwe kabisa. Benki ya Dunia huiweka Tonga kileleni, au karibu na kileleni, mwa orodha ya nchi zinazoishi kwa fedha za walio nje: karibu senti 40 kwa kila dola ya pato la taifa. Misinale ya kanisani, ule mchango wa mwaka ambapo jina la kila familia linasomwa na kiasi chake mbele ya wote, nusu yake huwa imetoka kwa mtu anayefanya zamu za usiku Ōtāhuhu, kitongoji cha huku Auckland. Karo, msiba, bati, mzigo ni wao. Na ardhi pia. Katiba ya 1875 ya Mfalme Tupou wa Kwanza ilipiga marufuku kuuza ardhi, ndiyo maana nchi haikuliwa na walowezi kama majirani zake, na sheria humpa kila mwanamume haki ya kuomba shamba la ekari nane hivi. (Mwanamume. Mwanamke hapana, na hilo peke yake lingetosha makala nyingine.) Mzee analo lake upande wa magharibi wa Tongatapu, linalimwa mihogo na viazi vikuu na huyo mpwa. Serikali inamtambua akiwa na shamba, inamtambua akiwa na fedha, ila akishika karatasi ya kura anageuka mgeni.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba waliwahi kuulizwa. Kamati ya mageuzi ya siasa iliyoongozwa na Mwanamfalme Tu'ipelehake ilizunguka visiwani, kisha ikavuka bahari kuwasikiliza walioko nje. Yeye mwenyewe, mtu wa ukoo wa mfalme aliyekubali kukaa mkekani na kusikia hasira za watu, alikufa na mkewe California tarehe 5 Julai 2006, gari lao lilipogongwa barabarani. Alikuwa huko kuonana na Watonga wa eneo hilo. Wazee hapa wakilitaja jina lake hushusha macho. Walitoa maoni, yakaandikwa, mageuzi yakaja 2010, wao wakaachwa nje.

Nikitaka kueleza jambo hili kwa mtu asiyeijua Tonga, simpi takwimu. Namweleza Januari 2022. Volkano ya Hunga Tonga ililipuka tarehe 15, mawimbi yakapiga pwani, nyaya za mawasiliano chini ya bahari zikakatika. Kwa siku kadhaa Mzee hakujua kama dada yake yuko hai. Alikuwa akija kazini, anapanga mizigo, anatoka nje kupiga simu isiyoita, anarudi. Wiki hiyohiyo magari yalipanga foleni kwenye uwanja wa Mt Smart, yamebeba mapipa ya plastiki na katoni za maji kwa ajili ya makontena. Nilikwenda kumsaidia. Pipa lake lilikuwa la bluu: mchele, nyama ya kopo, sabuni, tochi, kandambili sita za saizi mbalimbali. Juu ya kifuniko aliandika jina la dada na la kijiji, Kanokupolu, kwa kalamu ya wino mzito, akarudia kuandika ubavuni, kisha upande wa pili. Nikamuuliza kwa nini mara tatu. "Likibingirika, bado watalisoma."

Uchaguzi uliopita ulikuwa tarehe 20 Novemba 2025. Mzee alikuwa ameapa kwamba safari hii anakwenda kupiga kura mwenyewe, tiketi akaanza kuiwekea akiba tangu Pasaka. Mwezi Septemba binamu akafariki Vava'u, na msiba wa Kitonga, kama ulivyo wa kwetu, haukuulizi una shilingi ngapi. Akiba ikaenda kwenye mikeka, nguruwe na nauli za wengine. Siku ya kura tulikuwa zamu moja. Simu yake ilisimama ikiegemea chupa ya maji, matokeo yakisomwa kisiwa kwa kisiwa, naye akikatiza kupakia kila jimbo lake lilipotajwa. Mwezi uliofuata Bunge lilimchagua Lord Fakafanua, kabaila wa kwanza kuwa waziri mkuu tangu Tu'ivakano. Nilitarajia afurahi, kwa vile yeye ni mtu wa wakubwa. Akatikisa kichwa tu, akasema huyu ni kijana, tutaona.

Halafu akaniomba nimshikie mkanda wa tepu. Pipa la Krismasi lilikuwa linatakiwa bandarini kabla ya saa tisa.