Tusingoje tableti
Makala niliyoyasoma yasema somo la kuandika programu za kompyuta, ambalo mtaala wake KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, iliuidhinisha 2022, lifike kila shule ya msingi. Naunga mkono kwa moyo wote, ila tusingoje vifaa kama tableti. Huku visiwani Lamu chumvi ya bahari hula chaja upesi mno. Mpe mtoto wa darasa la nne chaki, achore miraba sakafuni, amwelekeze mwenzake aliyefumba macho: hatua tatu mbele, geuka kulia, ukikuta kiti zunguka. Akigonga ukuta, wayarudie maagizo watafute kosa liko wapi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya programu! Scratch, programu ya kompyuta ya kuwafunza watoto kazi hii, itafuata, nayo ni ya bure. Jamani, wafunzeni walimu kwanza, hata wa Faza na Kizingitini kule kisiwa cha Pate, si wa Amu (Lamu) mjini pekee.