Simbilisi wa jikoni kwa shangazi

Jikoni kwa shangazi yangu, Makete, simbilisi, vinyama vidogo vya kufugwa mfano wa panya wanene wasio na mkia, utawasikia kabla hujawaona: wako chini ya kuni, wanagombea maganda ya viazi. Kwake ni kitoweo tu. Mimi nikiwaona namkumbuka mtoto wa mdogo wangu.

Mwaka 1953 mtafiti John Kidd wa New York aliwadunga panya wenye limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, seramu (majimaji ya damu) ya simbilisi, uvimbe ukanywea. Seramu ya farasi na ya sungura haikufua dafu. Mwaka 1961 John Broome akaonyesha kuwa siri ilikuwa kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini, kiitwacho asparajinezi.

Mdogo wangu alipolazwa na mwanawe mwenye lukemia ya limfoblasti, aina ya saratani ya damu, aliambiwa, "Hii dawa ni kali, saini hapa." Basi. Dawa yenyewe ilikuwa hiyo asparajinezi. Akakesha akiikodolea macho dripu, akiwaza kumtorosha mtoto. Hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu jambo lenyewe linaelezeka.

Nilimwambia hivi. Seli inajenga protini kwa kutumia asparajini, mojawapo ya matofali ya protini. Seli zenye afya zinajitengenezea, kama nyumba yenye shamba. Seli nyingi za lukemia hiyo zina upungufu wa asparajini sinthetezi, kimeng'enya cha kuitengenezea. Jeni yake ipo, ila mara nyingi sehemu ya kuiwashia imebandikwa vialama vya kikemia viitwavyo methili, kwa hiyo haisomwi. Nyumba hiyo hailimi, inategemea gulio, yaani asparajini iliyomo kwenye damu. Asparajinezi inaivunja ile ya kwenye damu. Gulio limefungwa, asiye na shamba anakufa njaa.

Alinielewa palepale. Mama anayelima viazi anashindwaje kulielewa hilo? Mzazi aelezwe kwanza, ndipo apewe kalamu.

Shangazi naye akadakia, "Kwa hiyo tumchinjie, anywe supu?" Hapana, shangazi. Kimeng'enya ni protini: chungu kinakiharibu, tumbo linakisaga. Cha hospitali huvunwa kwa bakteria, hasa E. koli, kikachomwa kwa sindano au dripu, na mtoto huangaliwa kwa karibu maana kinaweza kuleta mzio, kuumiza kongosho au kugandisha damu kwenye mishipa.

Akafikiri kidogo. "Na hizo seli zikijifunza kulima, mwanangu?"

Zipo zinazojifunza. Jeni inafunguka, zinaanza kujitengenezea asparajini. Ndiyo maana mtoto hupewa dawa hii pamoja na nyingine, na ndiyo maana nilimsihi mdogo wangu asikose hata kliniki moja.