Ng'ombe Kwenye Bili Yangu

Tangu giardia, vijidudu vya tumboni, inishike hapa Minnesota, baada ya kwenda kupiga kambi na kunywa maji ya ziwa, tumbo langu na maziwa hayaivi tena. Mimi, mtu wa Bomet, Kenya, niliyelelewa kwa mursik, maziwa yetu ya mgando, na chai ya maziwa matupu! Sasa nikinywa kikombe kimoja tu, tumbo linanguruma mpaka abiria wenzangu kwenye basi wanachungulia dirishani kutafuta mvua.

Daktari akaagiza kipimo cha pumzi. Unakunywa maji yaliyokorogwa sukari ya maziwa, halafu kila baada ya muda unapuliza kwenye kifuko, nao wanapima haidrojeni. Kupuliza si kazi. Kazi ni kwamba hewa yenyewe haijaambiwa itokee juu. Nesi, Mungu ambariki, alijifanya amezama kwenye tarakimu.

Majibu yakatoka: utumbo uliumizwa na vile vijidudu, kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kimepungua. Msimbo wake, yaani alama ya ugonjwa ambayo hospitali huiandikia bima, ni E73.1. Aliyejaza madai ya bima akaandika E73.0, ambao ni wa mtoto anayezaliwa hana kabisa kimeng'enya hicho, ugonjwa adimu unaojulikana zaidi Ufini. Ufini, mimi! Bima ikagoma kulipa.

Nikapiga simu hospitalini. Dada wa bili akaniuliza kwa upole kama nina hakika sikuzaliwa nao.

"Dada yangu, maziwa nimeyanywa kabla sijaota meno. Nimekamua kwa mikono hii. Hata kovu ninalo gotini, ng'ombe wa mama alinipiga teke!"

Nikasikia kibodi inalia ta-ta-ta.

Bili mpya ikafika. E73.1, safi kabisa. Chini yake: W55.22XA. Nikautafuta. Kupigwa na ng'ombe, matibabu ya mara ya kwanza. Kumbe Marekani wana msimbo wa kupigwa na ng'ombe, na mwingine wa kung'atwa naye. Watu hawa wamejipanga.

Bima kuona ajali, ikaniletea fomu: tukio lilitokea wapi, mwenye mnyama ni nani, na ana bima gani, ili wamdai yeye. Nikampigia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Waambie ng'ombe tulimuuza tukakulipia karo," akasema. "Na usiwafiche, ulikuwa unamvuta mkia."