Kipulizio au koo: sauti ya saksafoni inatoka wapi?

Wapigaji wa saksafoni wana ubishi mmoja usiozeeka. Upande mmoja hudai kwamba roho ya ala hii iko katika kipulizio, kile kipande kidogo cha mbele kinachobanwa utete (ubamba mwembamba unaotetemeka unapopulizwa) na kushikwa kwa meno na midomo, na kwamba mwenye kipulizio kibaya atahangaika bure hata akifanya mazoezi usiku na mchana. Upande wa pili hujibu kwamba sauti hutengenezwa kooni, na kwamba anayebadilisha vipulizio kila mwezi anakwepa kazi. Pande zote mbili zina hoja, lakini hazilingani uzito, na kila mmoja huvuta hoja yake mbali kuliko inavyostahili.

Wanaotetea kipulizio wanaungwa mkono na muundo wenyewe wa ala. Adolphe Sax, fundi Mbelgiji aliyezaliwa Dinant mwaka 1814, alipata hataza ya saksafoni mjini Paris mwaka 1846. Bomba aliloliunda lina umbo la pia, yaani koni: huanza jembamba shingoni na kupanuka mpaka mwisho. Koni hiyo, hata hivyo, imekatwa ncha, maana pasipo kuikata hakuna mahali pa kupulizia, na kipulizio ndicho kinachokaa badala ya ncha hiyo iliyokosekana. Uwazi wa ndani yake usipokaribiana na ujazo wa ncha iliyokatwa, oktava za ala, yaani noti za jina moja zilizo juu na chini, hukataa kupatana, na mpigaji hujikuta akisahihisha kila noti kwa taya. Kwa maana hiyo kipulizio ni sehemu ya hesabu ya bomba zima, na si pambo linalochaguliwa kwa kupenda.

Vipulizio vya Sax mwenyewe vilikuwa vya mbao, vyenye chemba (uwazi wa ndani) pana ya mviringo, na sauti yake ilikuwa nzito na laini. Muziki wa dansi ulipokua katika karne ya 20, saksafoni ilitakiwa kusikika katikati ya tarumbeta na ngoma, na mafundi wakaanza kuinua paa la ndani ya kipulizio, yaani ule uso unaotazamana na utete. Paa likiinuka, njia ya hewa husongwa karibu na ncha na sauti hupata makali. Likishushwa na chemba ikapanuliwa, sauti hupoa. Anayetaka kulithibitisha hili hana haja ya kununua chochote. Abandike kipande cha lakiri laini, chembamba na kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, juu ya paa hilo nyuma kidogo ya ncha, kisha apige noti ileile kwa utete uleule. Tofauti itasikika hata kwa mtu aliye chumba cha pili.

Hapo ndipo watetezi wa kipulizio wanapopata ushindi wa haki, na hapohapo wengi wao hupotea, kwa sababu wanatoka kwenye umbo na kuingia kwenye malighafi. Utasikia kwamba chuma hutoa sauti kali na eboniti, yaani mpira uliogumishwa kwa salfa, hutoa sauti tulivu. Mwanajazi John Coltrane alipiga saksafoni ya tena, iliyo nzito kuliko alto, kwa kipulizio cha chuma cha chapa ya Otto Link, na vipulizio vya aina hiyo vinajulikana kwa chemba kubwa na paa la chini, sifa ambazo nadharia ya chuma kikali ingezitarajia kwa mpira. Mwaka 1953, mjini Toronto, mwanajazi mwingine, Charlie Parker, alipiga saksafoni ya alto ya chapa ya Grafton ambayo mwili wake ulikuwa wa plastiki, na rekodi ya usiku ule haimwachi msikilizaji na shaka kuhusu nani anapiga.

Tuwe waadilifu, hata hivyo: malighafi ina athari ya pembeni. Chuma ni imara, hivyo kipulizio chake huweza kuchongwa chembamba kwa nje, na mdomo unaofunguka kidogo hushika kwa namna nyingine. Tena meno ya juu hukaa juu ya kipulizio, na mtetemo hupita kwenye fuvu hadi sikioni. Mpigaji anayeapa kwamba amesikia tofauti huenda hasemi uongo. Ila alichokisikia kimepitia mifupa yake mwenyewe, na aliyekaa mbele yake hakupata sehemu hiyo.

Upande wa koo nao una ushahidi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia walichapisha katika jarida la Science vipimo vilivyochukuliwa ndani ya vinywa vya wapigaji waliokuwa wakipiga. Katika noti zilizo juu ya upeo wa kawaida wa saksafoni, wapigaji wazoefu walikuwa wakirekebisha mwangwi wa koo na kinywa ukaribie noti wanayoitaka, ilhali wanagenzi hawakufanya hivyo na noti hizo hazikuwatokea. Lakini katika upeo wa kawaida marekebisho ya namna hiyo hayakuonekana kuwa ya lazima, jambo ambalo wahubiri wa koo hupenda kuliruka.

Aliyeielewa mizani hii vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Sigurd Raschèr, mpigaji saksafoni Mjerumani ambaye mtunzi Mrusi Alexander Glazunov alimwandikia koncheto mwaka 1934. Raschèr alishikilia kipulizio cha chemba pana kwa mfano wa Sax bila kulegeza msimamo, na wakati huohuo aliwafanyisha wanafunzi mazoezi ya harmoniki, yaani noti za juu zinazotokana na noti moja ya chini: vidole hubaki kwenye si bemoli ya chini kabisa, matundu yote yamefungwa, na kwa koo na ulimi pekee mpigaji huinua sauti oktava moja, kisha kwinti (noti ya tano) juu yake, kisha oktava ya pili. Kwake mambo haya mawili hayakugombana.

Ndiyo maana naona kwamba kinachogombaniwa hasa ni mfuatano. Mwanagenzi wa alto aliye na kipulizio cha eboniti chenye mwanya wa ncha (nafasi kati ya ncha yake na utete) wa wastani, tuseme milimita 1.7, hana sababu ya kukibadilisha kabla hajaweza kuzipata harmoniki tatu za kwanza bila kuuma utete. Akishazipata, azilinganishe na noti zilezile zinazopigwa kwa vidole vyake vya kawaida. Zikikataa kukubaliana wiki baada ya wiki, koo likiwa limetulia na utete ukiwa mzima, basi kipulizio ndicho cha kushukiwa, na atakwenda dukani akijua anatafuta chemba ya namna gani.