Fedha za chakula cha shule si mahali pa kumalizia kila ugomvi

Tarehe 2 Aprili 2025 Waziri wa Kilimo wa Marekani, Brooke Rollins, alimwandikia barua Gavana wa Maine, Janet Mills, akimjulisha kwamba wizara yake inazuia baadhi ya fedha inazolipa jimbo hilo. Kosa lililotajwa halikuhusu chakula. Maine inawaruhusu wanafunzi waliobadili jinsia kushindana katika michezo ya wasichana, na serikali ya Rais Donald Trump ilisema huko ni kuvunja sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Wizara ya Kilimo haisimamii riadha. Kinachoiunganisha na shule ni sahani ya mchana, kwa sababu ndiyo inayolipia mpango wa taifa wa chakula shuleni.

Waziri alisema watoto wataendelea kula kama kawaida. Jimbo lilijibu kwamba fedha zilizozuiwa ndizo zinazoendesha ofisi inayopokea madai ya shule na vituo vya kulelea watoto na kuyalipa; ofisi ikikwama, malipo hayatoki. Maine ilikwenda mahakamani, na tarehe 11 Aprili Jaji John Woodcock akatoa zuio la muda kwa kuwa utaratibu unaotakiwa na sheria haukufuatwa. Mwanzoni mwa Mei pande mbili zikapatana: serikali kuu iache kuzuia fedha, jimbo lifute kesi.

Ni rahisi kuisoma habari hii kama kisa cha serikali moja tu. Lakini Mei 2022, chini ya Rais Joe Biden, wizara hiyohiyo ilikuwa imetangaza kwamba katazo la ubaguzi wa kijinsia katika mipango yake ya chakula linahusu pia mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia, ikitegemea hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2020 katika kesi ya Bostock, iliyosema kwamba kumfukuza mtu kazi kwa mambo hayo mawili ni ubaguzi wa kijinsia. Wanasheria wakuu wa majimbo 22 walifungua kesi mwezi Julai. Walidai kwamba kwa mlango wa chakula, serikali kuu inataka kuamua mambo ya vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo na michezo. Shule moja ndogo ya Kikristo huko Tampa, Florida, yenye watoto wa familia za kipato cha chini, nayo ilikwenda mahakamani ikihofia kupoteza fedha za mlo, na ndani ya wiki chache wizara ikaithibitishia kwamba shule za dini zina msamaha. Kwa hiyo kambi zote mbili zimewahi kuishika fimbo hii ya kutishia kuzuia fedha, na zote mbili zimewahi kulalamika ilipokuwa mkononi mwa mwenzake.

Hapo wengi husema basi, fimbo ivunjwe. Chakula cha watoto kiachwe nje ya ugomvi wote, kila shule ilipwe kadiri ya sahani ilizotoa. Naielewa hoja hii, lakini siwezi kuikubali yote, kwa sababu ya historia ya fimbo yenyewe.

Sheria ya taifa ya chakula cha mchana shuleni ilitiwa saini na Rais Harry Truman mwezi Juni 1946. Adam Clayton Powell Jr., mbunge mweusi kutoka Harlem, mtaa wa jiji la New York, alitaka sheria hiyo ikataze kabisa fedha kwenda kwa wanaobagua watu kwa rangi. Kilichopita ni nusu ya alichotaka: majimbo yenye shule tofauti za weupe na weusi yangeendelea kulipwa mradi tu watoto wa jamii za wachache wapate mgao wa haki. Ubaguzi ulibaki palepale. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilitangaza katika kesi ya Brown kwamba kutenganisha watoto kwa rangi ni kinyume cha Katiba, na bado miaka kumi baadaye, katika majimbo yaliyokuwa ya Muungano wa Kusini, yale yaliyowahi kujitenga ili kulinda utumwa, ni takriban mtoto mweusi 1 kati ya 100 aliyekuwa akisoma na weupe. Hukumu haikutosha kuwagusa wakuu wa shule.

Fedha ziliwagusa. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 iliingiza wazo la Powell katika kifungu chake cha sita: anayepokea fedha za serikali kuu haruhusiwi kubagua kwa rangi, kabila au asili ya taifa, na akikaidi anaweza kunyimwa. Mwaka uliofuata Bunge lilipotenga mabilioni kwa ajili ya elimu, kunyimwa kukawa hasara ya kweli. Kufikia 1968 karibu theluthi moja ya watoto weusi wa Kusini walikuwa wakisoma na weupe. Mtu anayesema fedha za umma zisiwe na masharti ya haki aeleze kwanza ni njia gani nyingine ingewafikisha watoto hao hapo ndani ya miaka minne.

Tatizo ni kwamba fimbo ikiachwa bila mpaka humpiga yuleyule inayedaiwa kumtetea. Waliotunga sheria ya 1964 walilijua hilo. Waliandika kwamba kabla ya fedha kukatwa lazima mhusika apewe taarifa, ajaribiwe kurekebishwa kwa hiari, asikilizwe, Bunge liarifiwe na siku 30 zipite. Waliandika pia kwamba fedha zikatwe kwenye mpango, au sehemu ya mpango, ambamo ubaguzi umekutwa, basi. Sheria ya 1972 ikachukua masharti hayohayo. Mwaka 1969 mahakama ya rufaa ilipima jambo hili katika kesi ya wilaya ya Taylor, Florida. Serikali ilikuwa imezikata fedha zote za shule za wilaya hiyo kwa pamoja. Majaji walisema hapana: kila mpango uchunguzwe peke yake, kwa sababu wanaofaidika na mpango usio na ubaguzi hawapaswi kuadhibiwa kwa dhambi ya mpango mwingine.

Kwangu hapo ndipo penye mstari. Meneja wa jikoni akimnyima mtoto mweusi chakula, au akimkalisha pembeni mtoto aliyebadili jinsia, fedha za jikoni ziguswe, na ziguswe bila huruma. Ugomvi ukiwa uwanjani, utafutiwe dawa uwanjani. Wapo watakaonijibu kwamba shule ni moja, kwamba mtoto anayedharauliwa darasani hali kwa amani hata sahani ikiwa imejaa. Ni kweli. Lakini mtoto huyohuyo, fedha za mlo zikikatwa, atabaki na dharau na njaa juu yake, na wenzake pamoja naye. Zaidi ya watoto milioni 28 hula chakula hiki kila siku ya shule, na kwa wengi wao ndicho mlo wa uhakika.

Kinachonisikitisha zaidi ni kuona jinsi mabishano haya ya vyoo na riadha yalivyozifunika kanuni zinazofanya kazi ndani ya bwalo lenyewe, pale mtoto anaposimama na trei mkononi.

Kanuni hizo zimemfaa mtoto kwa mambo mengi. Zamani mtoto asiye na fedha alipewa tiketi ya rangi tofauti, au akala baada ya kuosha vyombo, au jina lake lilibandikwa ukutani. Mwaka 1968 ripoti ya mashirika ya wanawake, kazi iliyoongozwa na Jean Fairfax, ilionyesha jinsi watoto maskini walivyokuwa wakikosa chakula walichotengewa. Mwaka 1970 Bunge likabadili sheria, na kanuni zinazoitekeleza zikafafanua: hakuna orodha za majina, hakuna tiketi maalumu, hakuna foleni, mlango, meza wala saa ya kula ya peke yao, na mtoto asifanyishwe kazi ili ale. Leo katika shule nyingi kila mwanafunzi hubonyeza namba yake kwenye vitufe mbele ya keshia, awe analipa au halipi, na mtu wa nyuma yake hajui lolote.

Ila ngao hiyo iliwekwa kwa ajili ya walioidhinishwa kupata mlo wa bure au wa bei nafuu, yaani familia ambazo kipato chao hakizidi asilimia 185 ya mstari wa umaskini na ambazo fomu zao zimekamilika. Mtoto ambaye mzazi wake amezidi kidogo kiwango hicho, au fomu yake imepotelea kwenye begi, huingia katika deni. Ndipo yakaja yale ya trei ya chakula cha moto kunyang'anywa kwa keshia na kutupwa, mtoto akapewa mkate baridi wenye jibini mbele ya wenzake. New Mexico ilikuwa jimbo la kwanza kupiga marufuku aibu hizo kwa sheria, Aprili 2017. Majimbo kama California, Maine na Minnesota yameamua kulisha wote bila kuuliza, na hapo suala la kutambulisha maskini limekwisha lenyewe. Wapinzani husema hiyo ni kodi ya umma kumlishia tajiri. Hoja yao ina uzito wa kibajeti, lakini hakuna kanuni yoyote ya usiri iliyowahi kumficha mtoto maskini vizuri kama foleni moja isiyolipiwa.

Kuna lugha pia. Tangu hukumu ya Lau ya mwaka 1974, iliyohusu watoto wa Kichina huko San Francisco, kumwacha mtu nje kwa kuwa hajui Kiingereza kunaweza kuhesabiwa kuwa ubaguzi wa asili ya taifa. Ndiyo maana fomu ya wizara ya kuombea chakula cha shule ipo pia kwa Kiswahili, na inawafaa watu wetu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda wakakaa miji kama Portland ya Maine na Louisville ya Kentucky. Haiulizi hali ya uhamiaji. Inataka tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii ya mtu mzima mmoja, na asiye nayo anatia alama tu kwamba hana. Mama asiyejua hilo akikuta swali la namba ataiweka fomu kabatini kwa woga. Mwongozo unasema mtoto asitumiwe kama mkalimani, na ni sawa kabisa, ila shule isiyo na mkalimani itamwita nani mwingine kama si binti wa miaka kumi na mmoja?

Halafu kuna dini. Mtoto mwenye ulemavu unaogusa chakula, kwa mfano mzio mkali wa karanga, ana haki kamili: mzazi akileta maelezo ya mtaalamu wa afya, shule inalazimika kumbadilishia mlo bila malipo ya ziada. Mtoto asiyekula nguruwe kwa imani yake hana haki hiyo. Wizara inazihimiza shule zimfikirie, haizilazimishi. Ukisoma tangazo la haki lililobandikwa ukutani katika mabwalo, utakuta rangi, asili ya taifa, jinsia, umri na ulemavu. Dini haimo katika mipango ya chakula cha watoto, ingawa imo katika mpango wa wizara hiyohiyo wa kuzisaidia kaya kununua chakula.

Matokeo yake yanaonekana kwenye trei. Shule nyingi zinamruhusu mwanafunzi kuacha baadhi ya vyakula, mradi achukue aina tatu kati ya tano na mojawapo iwe tunda au mboga. Siku ya nguruwe, mtoto wa Kiislamu huchukua maziwa, tofaa na mkate. Keshia anahesabu mlo mmoja uliokamilika na shule inalipwa. Hakuna kanuni iliyovunjwa, na mtoto anarudi darasani hajashiba.

Wanaotetea hali hii si watu wabaya. Jiko la shule ya kijijini lenye wapishi wawili haliwezi kutafuta nyama ya halali, chakula cha Kiyahudi na mlo wa Wahindu kwa wakati mmoja, na sehemu ya nyama hutoka kwenye shehena za serikali. Wengine wanahofia serikali kuanza kupima imani ya nani ni ya kweli, jambo ambalo Katiba yao inaliogopa kwa sababu nzuri. Mimi naona hofu hizo zinajibika bila kumpima mtu imani. Si lazima kuanza na nyama ya halali. Inatosha kanuni iseme kwamba siku ya nguruwe pawepo chakula kingine chenye protini, maharage, mayai au samaki, kwa yeyote anayekitaka, bila cheti wala maelezo, na serikali kuu ifidie gharama ya ziada. Kanuni ya namna hiyo ingemfaa Mwislamu, Myahudi, Msabato na mtoto asiyekula nyama kabisa, na meneja wa jiko asingekuwa na sababu ya kumuuliza yeyote anaabudu nini.