Droni ya Mtandao? Ifungeni Waya Kwanza

Usiku ule wa Aprili 2024, Mto Mathare hapa Nairobi ulipofurika, nilimpigia shangazi simu hadi kidole kikachoka. Mteja hapatikani. Maji yalikuwa yamefika magotini ndani ya nyumba, stima imepotea, na mnara wa simu wa pale karibu, betri zake zilipokwisha, nao ukanyamaza. Nilimpata asubuhi, kwa kutembea.

Kwa hiyo mtu akiniambia droni zitatuletea mtandao, simcheki. Namuuliza tu: droni ya aina gani?

Maana ziko za ndoto. Facebook walibuni Aquila, ndege ya sola isiyo na rubani, mabawa mapana kuliko ya Boeing 737, ati ikae angani miezi. Mwaka 2018 wakaachana nayo. Sisi wenyewe tulipata maputo ya Loon: Julai 2020 yakaanza kusambaza mtandao wa Telkom kutoka kama kilomita 20 juu, Iten mpaka Narok, na Januari 2021 ikatangazwa kwamba mradi unafungwa. Miezi sita, muda wa mahindi ya Kitale kukomaa.

Ninayoitaka mimi haina mbwembwe: droni iliyofungwa waya. Droni ya kawaida huishiwa na chaji baada ya nusu saa hivi. Hii hupokea umeme kwa waya kutoka kwa jenereta iliyo chini, na mawasiliano hupitia hapohapo, basi inaning'inia juu kama mnara wa muda saa baada ya saa. Puerto Rico, kimbunga Maria kilipoangusha minara mwaka 2017, kampuni ya simu ya Marekani AT&T walipandisha mtambo wa namna hiyo na watu wakaweza kupigia jamaa zao.

Kwa matumizi ya kila siku, hapana. Nairobi minara imejaa. Kinachotuuma mitaani ni bei ya bando. Lakini kwa usiku kama ule, droni mbili tatu zikiwa tayari ndani ya gari zingetosha. Na kwa vile Mathare imepakana na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh, kibali cha kurusha kitafutwe sasa jua likiwaka, si maji yakiwa mlangoni.

Nilimweleza shangazi haya yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Waya mrefu hivyo, wa shaba, hapa kwetu? Waambie waje na mlinzi."