Heda za Datsun 240Z: pima flanji kabla ya kulaumu gasketi

Wanaotunza Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na 1973 na Shekhar Mehta, mara nyingi hutamani kung'oa manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa injini) ya chuma cha kusubu na kufunga heda, yaani mabomba ya moshi ya kuchomelea, moja kwa kila silinda. Sipingi. Kinachoniudhi ni kuona heda zinafungwa ovyo, kisha zikivuja lawama anabebeshwa muuza gasketi.

Kwenye L24, injini ya gari hili, hewa huingia na moshi hutoka upande uleule wa silinda hedi. Manifoldi zote mbili hukalia gasketi moja, na baadhi ya boliti huzibana kwa pamoja: washa nene (pete ya chuma chini ya boliti) imelalia nusu flanji ya hewa, nusu flanji ya moshi; flanji ni bapa la manifoldi linalokalia hedi. Kasoro huanzia hapo. Flanji ya heda ikizidi unene wa mwenzake hata kwa nusu milimita, washa huinama, heda inabanwa na upande wa hewa unabaki umelegea. Injini huvuta hewa ya wizi, haingurumi kwa utulivu, na plagi hutoka nyeupe. Heda ikiwa nyembamba, moshi ndio unaovuja: utasikia tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi, sauti inayofifia chuma kikipata moto na kutanuka.

Basi anza na venia (kifaa cha kupimia unene): pima flanji zote mbili. Flanji iliyo nene ipunguzwe kwa mashine, au washa zichongwe ngazi zilingane na tofauti hiyo. Kisha laza rula ya chuma juu ya flanji. Fila geji (ulimi mwembamba wa chuma wa kupimia mwanya) ya 0.1 mm ikipenya chini ya rula, peleka ikasawazishwe. Usiamini heda kwa kuwa ni mpya, maana kuchomelea hupinda chuma.

Wakati wa kutoa, mwagia nati mafuta ya kulegeza kutu jioni na tena asubuhi. Ondoa waya hasi wa betri, punguza maji ya rejeta (yanapita kwenye manifoldi ya hewa), kisha toa kabureta zote mbili. Stadi (boliti zisizo na kichwa zinazoshika nati) ni za chuma ndani ya hedi ya alumini, kwa hiyo ikigoma usirefushe spana kwa bomba. Kaza kidogo, legeza kidogo, nenda rudi. Ikikatika na kipande kikachomoza, chomelea nati juu yake, iache ipoe, ndipo uizungushe. Petroli yote iwe imeshaondolewa karibu.

Kufunga: stadi mpya, gasketi mpya, uso wa hedi msafi na mkavu. Kaza kutoka katikati kwenda ncha, kwa awamu tatu, boliti za M8 (kipenyo mm 8) zifike nguvu ya kukaza ya Nm 15 hadi 20. Ukizidisha, utang'oa nyuzi za alumini. Pasha injini moto, iache ipoe kabisa, kaza tena, na urudie baada ya kilomita 100 hivi.

Kitambaa cha kuzungushia heda sikishauri: hushika unyevu na kuozesha chuma cha kawaida. Afadhali rangi ya seramiki, na bamba la kuzuia joto lirudi chini ya kabureta, la sivyo petroli itachemka kwenye foleni.

Ikivuja tena, fungua uitazame gasketi. Masizi huacha mchirizi mweusi kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Mchirizi huo ukiangukia penye washa ya pamoja, rudi kwenye venia.